Mgongo kwa Mgongo

Mwanangu Skolastika,

Nimeandika maneno hayo mawili kisha nikachungulia dirishani kama kuna mtu ameniona. Hakuna. Uko hapo uani kwenye mkeka, jua la jioni linakupiga miguuni, unachambua maharage ambayo nilikwisha kuyachambua mchana. Mimi nina miaka kumi na minane na wewe ni bibi yangu, mama wa marehemu baba. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Gaudensia, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu hupewa na heshima yake. Hukuwahi kuniita mjukuu. "Mama, njoo ule." "Mama, nani kakuliza?" Wageni wakija ulikuwa unapiga magoti kunipa uji, wao wanacheka, mimi nakimbilia nyuma ya mlango kwa aibu. Ulikuwa utani wako na wangu. Tangu ugonjwa huu wa kusahau ukukamate si utani tena. Ukiniita mama, unamwona mama.

Basi leo nakuandikia kama mama anavyomwandikia mtoto wake anayeondoka nyumbani. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kifipa najua kukisema tu, kukiandika sikufundishwa. Wewe Kiswahili kimekuponyoka chote, kwa hiyo Shangazi Oresta atakusomea huko Mbeya na kukugeuzia polepole. Mambo ya dawa, na uji wa ulezi uliopoa, na kwamba sweta huvai mpaka kwanza ulishike mwenyewe na kulikagua, hayo nimekwisha kumweleza. Siyarudii hapa.

Ninaloandika ni hili. Kesho asubuhi itakuja gari ya kukupeleka stendi ya Sumbawanga, upande basi la Mbeya ukaishi kwa Shangazi. Na wamenikataza nisitoke nje.

Shangazi ndiye aliyeniambia, jana, tukiwa jikoni naye Baba Mdogo Deo amesimama mlangoni anakula hindi.

"Gaude, akikuona tu hapandi. Unamjua. Atakung'ang'ania mpaka basi lituache."

"Sasa niende wapi?"

"Kaa ndani, ufunge mlango. Au nenda kanisani. Tukishafika mbali nitakupigia simu."

"Ni kama ndama," akasema Baba Mdogo. "Ukimwondoa mama yake machoni, anafuata kamba mwenyewe."

"Deo, huyo unayemwita ndama ndiye aliyekuzaa."

"Si natoa mfano tu, jamani."

Mimi nikasema, "Sawa." Unajua ninavyosema sawa. Nilisema sawa shuleni walipoandika jina langu vibaya kwenye daftari la mahudhurio, nikaitwa Gadesia miaka miwili. Lakini tangu jana hiyo sawa imenikaa kifuani kama tonge la ugali lililokwama. Haishuki, haitoki.

Nianze na lililo gumu. Unaondoka kwa sababu yangu. Majina ya waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano yalipotoka, langu lilikuwemo, shule ya bweni huko Iringa. Wakubwa wakakaa hapa uani. Baba Mdogo akazunguka kwanza, akasema habari za mvua, akasema habari za mbolea, mwisho akanigeukia.

"Sasa Gaude mwenyewe anasemaje? Maana yeye ndiye anayekaa na Bibi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza nasemaje mbele ya watu. Nikasema, "Nataka kusoma," kwa sauti ambayo hata kuku aliyekuwa miguuni pangu hakushtuka.

"Amesema nini?" akauliza Shangazi.

"Amesema anataka kusoma," akajibu Baba Mdogo.

Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu umeshika pindo la kitenge changu. Ukatikisa kichwa kwa heshima kabisa, ukawaambia kwa Kifipa, "Msikilizeni mama."

Wakacheka, kikao kikaisha. Wewe mwenyewe ulipitisha kuondolewa kwako, kwa kunitii. Sijacheka mpaka leo.

Nataka ujue nilikuwa mama wa namna gani, kwa sababu mtoto anayeondoka anastahili kujua. Mwanzoni nilikuwa mbaya. Ugonjwa ulipoanza, uliniuliza asubuhi moja, "Mama, ulikuwa wapi siku zote?" Nami nikakujibu nilivyozoea kujibu mtihani: jibu sahihi, upate alama. "Bibi, mimi si mama yako. Mama yako alishakufa zamani."

Uliweka mikono kichwani. Ukalia kilio kile cha msiba, kirefu, chenye kupanda na kushuka, na uani kwetu hakuna ukuta wa kuzuia sauti. Kabla sijajua nifanye nini, jirani yetu Mama Kasilda alikuwa ameshaingia, khanga kaifunga kiunoni, na nyuma yake wanaume wawili na mzigo wa kuni.

"Nani tena? Gaude, nani?"

Mdomo wangu ukagoma. Unajua nikiogopa huwa najifunga kama mlango. Wakawa wanatuangalia mimi na wewe, wewe unalia, mimi nimesimama na sufuria mkononi. Kisha ukanyamaza ghafla. Ukawatazama, ukajifuta.

"Karibuni. Kuna msiba wa nani?"

"Si tunakuuliza wewe!" akasema Mama Kasilda.

"Mimi nimewaona ninyi ndio mmebeba kuni."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakataka kuondoka na kuni zao, Mama Kasilda akasema kuni za msiba hazirudi zilikotoka, pikeni. Nilipika na kuni zile huku nalia, nikasingizia moshi.

Ningekuwa nimekosea mara moja tu, nisingekuandikia. Lakini nilirudia. Siku nyingine nilikwambia ukweli ule nikiwa mtulivu, siku nyingine nikiwa na hasira, na kila mara mama yako alikufa upya na wewe ukafiwa upya. Nilijidanganya kwamba naupenda ukweli. Haikuwa hivyo. Nilitaka unione. Nilikuwa nimekuosha, nimekulisha, nimekubeba mgongoni kutoka chooni, halafu ukamshukuru mtu mwingine. Nilitaka useme Gaude, yule Gaude wa kucheza kombolela na kuogopa wageni. Nilimwonea wivu marehemu.

Hasira ilikuwa inanijia mikononi. Nilikuwa nakushika kifundo cha mkono kukurudisha kitandani, nikikuachia kuna alama za vidole vyangu. Nilikupeleka zahanati kwa ajili ya kikohozi, na Sista anayehudumu pale alikukagua kifua vizuri, kisha akaacha kukutazama wewe akatazama mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka.

"Na wewe unalala?" akaniuliza.

Nikasema, "Sawa." Hata halikuwa jibu.

Akaniambia kuna wanaokutana Alhamisi kwenye chumba nyuma ya zahanati, wote wanauguza wazee nyumbani. Nilienda kwa sababu nilishindwa kukataa. Walikuwa wanawake watu wazima na mzee mmoja aliyekuwa anamtunza mkewe. Mimi peke yangu nilikuwa na viatu vya shule. Sista akatufundisha kukaa. Hilo tu: kukaa kimya, kufumba macho, na kusikiliza pumzi inavyoingia na kutoka.

"Sista," akasema mama mmoja kutoka Msanzi, "mimi nikifumba macho nasinzia. Na nikisinzia mzee wangu anakula sabuni."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Sista naye.

"Basi sinzia kidogo mama, ila ficha sabuni."

"Hii ni sala?" akauliza yule mzee.

"Ukitaka iwe sala, iwe. Leo kaa tu. Mawazo yatakuja. Usiyafukuze kama kuku, lakini usiyamwagie na mahindi."

Niliipenda, nikuambie kweli. Niliipenda kwa sababu haikutaka niseme chochote. Kwa mara ya kwanza tangu uugue nilikuwa kwenye chumba chenye watu wengi na hakuna aliyeningoja nifungue mdomo. Pumzi iliingia mpaka mahali ambapo nilikuwa nimesahau kama huwa inafika.

Jumapili ile nikataka kufanya hivyo nyumbani. Tulikuwa tumetoka misa, umekula, umetulia kwenye mkeka na ungo wako. Nikakaa nyuma ya jiko, mgongo ukutani, nikafumba macho kama nilivyofundishwa. Ilikubali. Kifua kililegea, nikasikia upepo kwenye mabati, nikasikia mbuzi wa jirani, nikaviacha vipite. Nilipofumbua macho mkeka ulikuwa mtupu.

Siwezi kukueleza nilivyokimbia. Nilipita shambani kwetu, nikashuka mpaka mtoni, nikapanda tena, upepo unanitoboa masikio. Nilikukuta uani kwa Mzee Liberati. Mjukuu wake alikuwa anaumwa wiki nzima, homa haishuki, na wewe ulikuwa umesimama chini ya dirisha la mtoto yule, umefumbata udongo mkononi, unaongea peke yako. Watu walikuwa wamesimama. Hawakukukaribia. Walikuwa wameacha nafasi kukuzunguka, kama watu wanavyoachia nafasi moto, na ile nafasi niliielewa. Hapa kwetu mwanamke mzee akisimama chini ya dirisha la mtoto mgonjwa, hakuna anayehitaji kutamka neno.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Mchukue bibi yako."

"Ni mgonjwa, babu. Hajui anachofanya."

"Hata sisi hatujui anachofanya," akasema Mzee Liberati, taratibu, wala hakuwa na ukali. "Ndiyo shida yenyewe."

Niliufumbua mkono wako nikautikisa udongo udondoke mbele yao wote, waone ni udongo tu. Ukanishika. "Mama, nimepotea," ukasema. Tukatembea. Nyuma yetu kijana mmoja akaropoka, "Oya Gaude, bibi yako yuko doria?" Mwenzake akamwambia, "Kausha, mshikaji, usimtaje." Ule utani haukuniuma. Aliyeniogopesha ni yule aliyemnyamazisha.

Mtoto yule alipona, Mungu alisaidia. Lakini Baba Mdogo alikuja na kufuli. "Akilala mchana, funga," akaniambia. Nikasema sawa. Nililifukia kufuli kwenye ndoo ya unga wa ulezi, na alipouliza nikasema silioni. Huo ndio uongo wangu wa kwanza nikiwa mama, na sijauungama.

Sikurudi kwa Sista wiki mbili. Niliona kwamba kile kilichonipa pumzi ndicho kilichokaribia kukuua. Niliporudi nilimwambia yote mbele ya wenzangu, sentensi kwa sentensi, nikiangalia sakafu. Sikusikia mtu akicheka.

"Kosa ni langu," akasema Sista. "Nilimwambia afumbe macho mtu ambaye hana wa kumfumbulia. Sijui nikuambie nini zaidi, Gaude. Tafuta. Ukipata, uje utufundishe."

Sikutafuta. Baridi ndiyo iliyonipa. Ilikuwa Juni, zile asubuhi ambazo nyasi zimekauka kwa baridi, na upepo wa huku juu hauulizi umevaa nini. Nilikutoa nje juani nikakukalisha kwenye mkeka, ukawa unatetemeka, huna cha kuegemea. Nikakaa nyuma yako, nikakugeuzia mgongo, nikauweka wangu kwenye wako ili ujipatie joto. Tukawa hivyo, wewe unatazama lango, mimi natazama jiko.

Nikaanza kuisikia pumzi yako. Sikuisikia kwa masikio. Ilikuwa inanisukuma kidogo na kuniachia, kidogo na kuniachia. Yangu ilikuwa ya haraka kama ya mtu aliyetoka kuchota maji. Nikaifuata yako. Sikufumba macho, lakini hata kama ningefumba, ningejua: ukiinama tu kutaka kuinuka, baridi inaingia katikati yetu pale migongo ilipoachana, na najua kabla mguu wako haujagusa ardhi. Siku ile hukuinuka. Ulikaa mpaka kivuli cha jiko kikatufikia. Nilikuwa nimesikiliza kitu kimoja tu asubuhi nzima, nacho kilikuwa wewe, na mikono yangu ilikuwa imelala mapajani haitetemeki.

Nilipowaeleza wale wa Alhamisi, yule mzee alisema amejaribu na mkewe, naye mkewe akageuka kumuuliza, "Wewe mzee, umechoka kuniona uso?" Lakini Alhamisi iliyofuata alisema sasa hukaa hivyo kila jioni.

Sitakudanganya, mwanangu. Kukaa hivyo hakukukuponya wewe na hakukunigeuza mimi kuwa mtakatifu. Zimekuwepo siku nimekaa mgongo wangu kwenye wako nikiwa nakuchukia, tena ulikuwa umetoka kunimwagia uji. Nilichopata ni kidogo sana. Ni nafasi ndogo kati ya swali lako na mdomo wangu. Zamani haikuwepo, ulikuwa ukiniuliza na mimi nimeshabweka. Sasa swali linafika, pumzi moja inapita, halafu najibu. Katika pumzi ile moja nimeacha mambo mengi sana bila kuyasema, na hakuna hata moja ninalolikumbuka kwa majuto.

Na tukiwa hivyo ulianza kuongea. Nadhani ni kwa sababu hukuwa unaniona uso. Uso wangu ulikuwa unakuchanganya, wa kitoto, si wa mama. Mgongo hauna umri.

"Mama," ukaniita siku moja.

"Mm."

"Mbona hukutoka?"

"Lini?"

"Siku waliyokuja kunichukua."

Nilidhani ni yale maneno yako yasiyo na mkia. Lakini uliendelea, kwa Kifipa safi, bila kukwama, kama mtu anayepita njia anayoijua gizani. Ulinisimulia ulivyoolewa. Walikuja kukuchukua asubuhi, shangazi zako wamekuvalisha, wanaimba. Mama yako alikuwa ndani anasaga ulezi kwenye jiwe. Uliaga baba, ukaaga wadogo zako, ukangoja. Jiwe likaendelea kusaga. Wanawake wakakuambia twende, mama akitoka utalia, na bibi harusi anayelia njia nzima anaaibisha watu.

"Ulilia?" nikakuuliza.

"Sikulia. Nilikuwa nalisikiliza jiwe. Tulipofika kwenye kona nikageuka. Mlango mtupu. Mama, mbona hukutoka?"

Mgongo wako ulikuwa umekaza. Ningeweza kukutungia sababu. Nimekuwa hodari wa uongo mdogo, kufuli linajua. Pumzi ile moja ikapita. Nikasema, "Sijui."

"Basi," ukasema, na mgongo ukalegea.

Uliniuliza tena siku nyingine, na nyingine. Miaka yote hiyo umezaa, umelima, umezika mume na mwanao, umenilea mimi, na hukuwahi kulitaja. Ugonjwa umebeba karibu kila kitu, hata jina la baba yangu, ukakuachia mlango mtupu. Sasa unaelewa kwa nini nilishindwa kula jana. Watu wazima wanaokupenda wamekaa jikoni wakapanga, bila kujua, kukufanyia jambo lile lile mara ya pili. Na mama mwenyewe amesema sawa.

Leo baada ya chakula cha mchana nilimfuata Shangazi chumbani. Alikuwa anakunja vitenge vyako kwenye begi.

"Shangazi, kesho nitatoka."

Hakuinua kichwa. "Tulishaongea, Gaude."

"Nitatoka."

Hapo akanitazama. Nikamsimulia habari ya jiwe. Hakuwahi kuisikia, yeye aliyezaliwa na wewe. Akakunja kitenge kile kile mara mbili.

"Akilia je?"

"Nitakaa naye kwenye mkeka mpaka atulie. Halafu nitampeleka garini mwenyewe."

"Basi la watu halingoji mkeka wa mtu."

"Najua."

"Na wewe je? Wewe ukishindwa, ukasema asiende? Mkabaki hapa, shule ikakupita, kijana wa watu akasema tena yale maneno ya doria?"

Hilo ndilo swali, mwanangu, na aliliuliza bila kunionea haya. Nimeliuliza mwenyewe tangu jana. Mimi si jasiri. Nikikuona unanishika kitenge pale langoni, sijui mdomo wangu utasema nini. Pumzi ikapita. "Sijui," nikamwambia. "Lakini nitakuwa nje."

Shangazi akakaa kitandani.

"Ujue ananiita yule mgeni," akasema. "Juzi ameniuliza, 'Yule mgeni ameshakula?' Mimi Oresta! Huko nyumbani watoto wangu Kifipa hawakijui hata cha salamu. Akiita mama, nani ataitika?"

"Itika wewe."

"Mimi niitike? Mama yangu mzazi aniite mama?"

"Utaona aibu siku za mwanzo," nikamwambia. "Mimi niliona aibu miaka kumi na minane."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha, polepole, kama anayeuliza jambo la kitoto, "Huko kukaa kwenu, mnakaaje?"

Nikamwonyesha. Tukakaa kitandani, begi lako limefunguliwa miguuni petu. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama mlango. "Una mifupa wewe mtoto," akalalamika. "Unakula kweli?" Baadaye hakulalamika tena. Pumzi yake ilikuwa inakwama katikati, inakwama, kisha ikapita yote kwa mara moja, nami nikajua anaogopa kuliko mimi. Ana nyumba, ana duka, ana mume mpole, na hajui atafanya nini kesho kutwa ukimwuliza yeye ni nani. Nilikuwa nimemkasirikia tangu alipofika. Nikaacha.

"Toka basi," akasema, bado amenigeuzia mgongo. "Lakini usisogelee gari."

"Nitakuja mpaka garini. Halafu nitarudi mlangoni."

"Sawa," akasema. Mara ya kwanza mtu mwingine kuniambia neno hilo mimi.

Kwa hiyo kesho itakuwa hivi. Sitakwambia unaenda matembezi na jioni utarudi. Nitakuvalisha kile kitenge cha Pasaka. Nitakushika mkono, bila kuubana, tupite mlango pamoja. Ukitaka kukaa, tutakaa, na dereva apige honi mpaka achoke. Ukilia nitalia na wewe, watu waaibike wanavyotaka. Kisha nitakuambia kwa Kifipa, kwa sauti, kila aliye pale asikie: nenda mwanangu, huyu Oresta ni wa kwetu, akiitika jua ni mimi nimemwambia aitike.

Sijui kama utapanda. Sijui kama utanielewa, au kama asubuhi hiyo nitakuwa mama, au mjukuu, au mtu tu mwenye sweta la shule. Nimeogopa mambo mengi maishani na hili ndilo kubwa kuliko yote, kuliko hata uani kwa Mzee Liberati. Lakini nimelikalia mchana kutwa, pumzi kwa pumzi, nalo halijaniua.

Umeniita sasa hivi. Umemaliza maharage, unataka kujua mama yuko wapi. Nakuja, nikuletee hayo hayo uyachambue tena, nikae nyuma yako mpaka jua lizame.

Kesho gari ikifika kwenye kona, geuka. Hata kama utakuwa umesahau kwa nini unageuka, wewe geuka tu. Nitakuwa nimesimama mlangoni.

Mimi mama yako,
Gaudensia